Futari ya Saa Saba Mchana

Mwaka jana, wiki chache baada ya Idi, muuguzi wa zahanati ya mtaani kwetu Ujiji alinitoboa kidole, akatazama kimashine chake, akakitazama tena. Sukari yangu ilikuwa imefika mpakani. Alinipa miezi mitatu niishushe kwa chakula. Ikishindikana, nianze vidonge. Baba yangu alianza na vidonge, akamalizia na mguu mmoja. Nilirudi nyumbani nikiisikia miguu yangu yote miwili kila hatua.

Kwa ushauri wa muuguzi nikaanza kufunga kwa saa. Chakula cha mwisho saa moja jioni, kisha maji matupu mpaka saa saba mchana wa kesho yake. Asubuhi nilikaa barazani na daftari la riwaya yangu, ziwa limelala kimya chini ya milima ya Kongo, tumbo likinguruma kwenye kila mkato.

"Unalipa siku ngapi, dada?" jirani aliniuliza, akidhani nalipa siku zangu za Ramadhani.

Nikamwambia silipi, nikanywa maji mbele yake.

"Funga ya maji hiyo mmeianzisha lini?" Akacheka mpaka ndoo yake ikamwagika.

Mama hakucheka. Kwake, aliyefunga hafuturishwi kwa kitu cha hovyo. Kila saa saba nilikuta mkeka umetandikwa: uji wa mchele wenye sukari na pilipili manga, tambi, mihogo, na mgebuka, samaki wa ziwa letu, aliyezama kwenye mawese. "Kula, mwanangu, umeshinda na njaa." Nami nilikula, kwa sababu kilikuwa kitamu na kwa sababu alikuwa amekaa ananitazama.

Kila Jumamosi nilishuka mwaloni Katonga kwa shangazi yangu, dada wa baba, anayeuza dagaa wakavu, nikapanda mizani yake ya magunia. Wiki ya kwanza mshale haukusogea. Ya pili na ya tatu, vilevile. Ya nne ulipanda.

"Ungekuwa dagaa ningekurudisha mchangani ukaanikwe upya," shangazi alisema, na wapakiaji wakaangua kicheko.

Niligeukia ziwani nikajifanya naangalia mitumbwi. Aliponiona nimechelewa kugeuka, akanisogelea.

"Unafungua na nini?"

Nikamtajia, kimoja kimoja.

"Mwambie mama yako apunguze."

"Siwezi, shangazi. Ataona nakikataa chakula chake."

"Baba yako naye hakuweza," akasema, akarudi kwenye magunia yake.

Jioni ile nikamwambia mama. Nilimwambia vibaya, kwa haraka, nimesimama mlangoni. Aliendelea kuchambua mchele. Kesho yake saa saba mkeka ulikuwa palepale, na juu yake mgebuka wa kuchoma, matembele yasiyo na mawese, na kipande kimoja cha muhogo.

"Hii nayo ni futari," alisema, kama mtu anayekataza ubishi.

Mshale haukuharakisha kunifurahisha. Wiki mbili zaidi ulisimama, nami nikaacha kwenda Katonga kila Jumamosi, maana nilikuwa narudi na huzuni ya siku tatu. Badala yake nikaanza kuona vitu vidogo. Alasiri sikusinzia tena juu ya daftari. Nikijifunga kanga, ncha ya kuchomeka ilibaki ndefu kidogo, kisha ndefu zaidi. Asubuhi njaa ilikuja, ikakaa nami kurasa mbili tatu, ikaenda zake.

Miezi mitatu ilipotimia mama alinisindikiza zahanati. Muuguzi akanitoboa kidole, akasubiri.

"Imeshuka," alisema. "Si sana, lakini imeshuka."

"Na vidonge?" mama aliuliza kabla yangu.

"Tusubiri mwezi mmoja zaidi. Aendelee hivi hivi, arudi tupime tena."

Mama akafikiri. "Mwezi wa siku ishirini na tisa au thelathini?"

Muuguzi alicheka, nami nikacheka, kicheko cha kwanza tangu tuingie. Mama hakuwa anatania. Alikuwa ameshaanza kupanga mapishi.