Mtambo wa Kushusha Kabichi

Mtambo ambao baba yangu alimwonyesha ofisa wa wilaya mbele ya kijiji kizima, akisema ndio utakaoshusha kabichi zetu kutoka mlimani, ulikuwa mchezo wa watoto wa Ulaya. Na hicho ulichokuwa ukikiiga nacho ni mchezo, ila wa watu wazima. Ni zile reli za viwanja vya starehe: watu wanakata tiketi, wanapandishwa juu kwenye vigari, wanaachiwa, wanapiga mayowe, kisha wanarudishwa pale pale walipopandia. Haya niliyajua miaka mingi baadaye, nikiwa masomoni ng'ambo, siku niliposimama nje ya uzio wa kiwanja kimoja nikautambua mtambo wetu. Ulikuwa mrefu kuliko kanisa, na watu ndani yake walikuwa wameinua mikono. Wenzangu walinivuta nikapande. Nilikataa, wakadhani naogopa.

Siku ile kijijini hakuna aliyejua. Labda mtu mmoja, na huyo sina hakika naye.

Kabla ya kuwa mwenyekiti wa kijiji, baba alikuwa mpishi wa mkulima mmoja Mzungu upande wa Kwai. Baada ya Uhuru mkulima yule aliuza ng'ombe wake, akafunga nyumba, na asivyoweza kubeba akavigawa. Mtunza bustani alipata baiskeli. Baba alipata sufuria na sanduku la bati la mtoto wa yule Mzungu, mtoto ambaye wakati huo alikuwa ameshakua na kwenda zake. Ndani ya sanduku mlikuwa na vyuma bapa vyenye matundu, skrubu na nati, magurudumu madogo, na spana ya saizi ya kidole. Karatasi za maelezo zilikuwa zimeliwa na panya. Picha kwenye kifuniko ilikuwa nzima. Sanduku likakaa chini ya kitanda miaka yote, tumelilundikia mbegu za mahindi, na hakuna aliyelishughulikia.

Shida yetu ilikuwa kabichi. Shamba la kijiji lilikuwa linazaa vizuri, lakini kila masika barabara ilikatika, lori la ushirika likaishia mbali, na kabichi zikaozea ghalani. Zilizookolewa ziliokolewa na vichwa vya wanawake, waliozishusha kwa matenga hadi tambarare, kwa njia ya miguu ambayo mvua ikinyesha inateleza kama sabuni. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Msimu mmoja alianguka na tenga lake, na tangu hapo shingo yake haikugeuka tena upande wa kushoto. Ukimwita kutoka kushoto, aligeuka mwili mzima.

Kwenye mkutano wa kijiji kabla ya masika yaliyofuata, wanawake walisema hawabebi.

"Kabichi za kijiji, shingo za kwetu!" alisema jirani yetu, mwanamke mwenye sauti iliyovuka bonde. "Mwenyekiti, shingo nazo tuzitie kwenye ujamaa?"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alisimama, akasema ofisa wa wilaya atakuja kutembelea kijiji, na siku hiyo yeye atamwonyesha njia ya kushusha mzigo bila kichwa cha mtu.

"Bila kichwa! Utazipa miguu?"

"Nikishindwa," baba akasema, "chagueni mwingine."

Nilimwangalia mama. Alikuwa anamtazama baba kwa namna ambayo sikuielewa, na nadhani baba naye hakuielewa, maana njiani kurudi nyumbani aliongea peke yake.

Alichokuwa nacho kichwani ni ile picha ya kwenye kifuniko. Pande zetu kila mtoto alikua akisikia habari za kamba ya chuma ya Wajerumani, iliyoteremsha magogo kutoka msitu wa Shume hadi kwenye reli ya treni huko chini. Kwa hiyo baba alipoona nguzo ndefu, njia ya chuma iliyopita hewani, na vigari vinavyoteremka kwa kasi, hakuwa na sababu ya kujiuliza ni kitu gani. Kwa mtu wa milimani kwetu, kitu cha namna hiyo kina kazi moja tu.

Tulianza kuujenga mtambo kwenye sakafu ya jiko. Mimi nilikuwa darasa la sita, na vidole vyangu ndivyo vilivyoweza kushika zile nati. Kaka yake mama, mjomba wangu, aliitwa kusaidia kwa sababu alikuwa msimamizi wa mfereji. Kazi yake ilikuwa kuongoza maji ya umwagiliaji kutoka kijito cha juu, yazunguke ubavu wa mlima, yafike kwenye mashamba bila kusimama na bila kukimbia. Alipima mteremko kwa gamba la mgomba: analilaza chini, anamimina maji, anayaangalia yanavyokwenda. Hakuna aliyemshinda kwa hilo, na ndilo lililotuponza.

Aliinama juu ya picha, akaiangalia sana, akaweka kidole pale ambapo njia, baada ya kuteremka, inapanda tena kilima kidogo.

"Shemeji, hapa wamekosea."

"Wamekosea nini?" baba akauliza.

"Kitu kimeshashuka, kitapandaje? Nani anakisukuma?"

"Wazungu hao, mgosi," baba akasema, kwa neno letu la kumwita mwanamume. "Hawachori ovyo."

"Mzungu wako alichimba mfereji kule Kwai, maji yakamrudia mlangoni. Umesahau?"

Baba hakuwa amesahau. Basi tukajenga kama mjomba alivyotaka, mteremko mmoja mpole usiopanda popote, kama mfereji wake. Vyuma vilipopungua tukaweka fito za matete. Mnyororo wa kuvutia kigari hadi juu haukuwepo, tukasokota uzi wa katani, na mjomba akaupaka nta ili usikwame. Nilizungusha mkono wa chuma, kigari kikapanda hadi kileleni, nikakiachia. Kilishuka vizuri. Tatizo ni kwamba mteremko haukuwa na mahali pa kukipunguzia mwendo, na kilipofika mwisho wa njia kiliendelea bila njia, kikatua kwenye sufuria ya makande.

Mama alikitoa kwa mwiko. "Kabichi zimefika," alisema. "Zimeiva kabisa."

Tukabomoa, tukajenga upya, safari hii kama picha inavyoonyesha, na kilima kidogo kikiwemo. Nilikiachia kigari. Kikashuka, kikapanda kile kilima chenyewe, kikazunguka kona, kikarudi kusimama chini ya kilele kilikotokea. Mjomba aliniomba nirudie. Nikarudia. Aliinama akaweka shavu karibu na sakafu, akatazama chini ya njia, kisha akapitisha mkono juu yake, kama mtu anayetafuta uzi uliofichwa.

"Maji hayawezi hivi," alisema. Kwa siku kadhaa alikuwa anapita kwetu asubuhi kukitazama kabla ya kwenda kwenye mfereji. Sidhani kama alifurahi.

Maswali mengine yalikuwa ya mama. Jioni moja, akimenya viazi, alikivuta kifuniko karibu na moto.

"Baba nanihii, hawa watu ndani ya vigari ni akina nani?"

"Wapakiaji."

"Mbona wameinua mikono?"

Baba alifikiri. "Wanapiga kura."

"Kura ya nini huko juu?"

"Mama, picha ni picha."

"Sawa. Na kabichi zinashukia wapi? Mimi naona kigari kinarudi pale pale."

Hapo baba alikuwa na jibu, na kusema kweli lilikuwa jibu zuri. Hata leo silioni ubaya wake. Alisema kijiji ni pale kileleni. Kigari kinapakiwa kileleni, kinashuka, kinapakuliwa huko chini, kisha kinapanda kile kilima kikiwa kitupu na kurudi chenyewe. Ndiyo maana njia imezunguka. Nilimwona mama akilizungusha neno hilo kichwani huku kisu kimesimama kwenye kiazi.

"Lakini hiki kinapanda kwa sababu kimekimbia," alisema taratibu. "Kikisimama chini ili kipakuliwe, kitapandaje tena?"

Baba alikichukua kifuniko, akakirudisha juu ya sanduku. "Hilo ni la mainjinia," alisema. Mama akamalizia kiazi chake. Usiku ule hakuna aliyegusa mtambo.

Ofisa alikuja na Land Rover, amevaa shati la kijani, na viatu vyake vilikuwa vimeshapakwa matope mekundu kabla hajafika ghalani. Kijiji kizima kilikuwa pale. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa kila upande, akatembezwa shambani, akaonyeshwa rundo la kabichi zilizooza, akashika pua. Kisha baba akavuta kitambaa kilichofunika meza, na mtambo ukaonekana. Tulikuwa tumeweka kigari kimoja, na ndani yake kabichi ndogo niliyoikunja kwa majani halisi.

Baba aliongea vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Alieleza kilele, tambarare, mzunguko. Yule jirani yetu akapaza sauti:

"Na huo mkono wa kuzungushia, nani atauzungusha?"

"Wanaume," baba akasema.

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilichukua muda kutulia. Nikazungusha, nikaachia. Kigari kikashuka, kikapanda, kikarudi na kabichi yake.

Ofisa aliomba kirudiwe. Baada ya hapo akaomba kile kifuniko, ambacho baba alikuwa amekiegemeza mezani kama ushahidi, na hapo nilimkazia macho kuliko mtu mwingine yeyote. Alikitazama. Midomo yake ilibana. Akatugeuzia mgongo, akatazama ukuta wa ghala, na mabega yake yakatikisika. Alipogeuka alikuwa anafuta macho kwa leso. Mjomba aliniambia baadaye kwamba ni vumbi. Hakukuwa na vumbi. Ilikuwa imenyesha tangu alfajiri.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, "kigari kikisimama huko chini, kitapandaje tena?"

Lilikuwa swali lile lile la mama, karibu neno kwa neno. Baba alifungua mdomo. Nilihesabu watu waliokuwa wanamtazama, nikaacha. Nilijua kwamba asipojibu, kabla jua halijazama kijiji kitakuwa na mwenyekiti mwingine, na kesho yake wanawake watajitwisha matenga kama kawaida.

"Kitasukumwa, Mheshimiwa," alisema mama kutoka upande wa wanawake. "Kikiwa kitupu ni chepesi. Sisi tumezoea kizito."

Ofisa aligeuka kumtafuta aliyesema. Alikuwa kushoto kwa mama, na mama, ili amtazame, aligeuka mwili mzima.

"Mama, shingo ina nini?"

"Kabichi, Mheshimiwa."

Ofisa alikwenda hadi kwenye tenga lililokuwa limejaa, akalishika masikio, akajaribu kulinyanyua. Lilifika magotini, akalirudisha chini.

"Jitwishe, baba, usiogope!" jirani yetu akamwambia. "Tutakuwekea kata kichwani!"

Alijifuta mikono. Akawaambia watu kwamba serikali imeona. Alisema hivyo mara mbili, kisha akaomba achukue mtambo pamoja na kifuniko chake, akauweka kwenye magoti yake ndani ya Land Rover, ameushika kwa mikono yote miwili, wakaondoka. Baba alibaki mwenyekiti. Alipofika nyumbani alimwambia mama, "Hongea," ambayo kwetu ni asante, na mama akamwambia akalete kuni.

Masika yakaja, barabara ikakatika, na kabichi zikashushwa kwa vichwa. Mama alibeba. Watu walianza kumwuliza baba, kwanza kwa utani, "Mwenyekiti, kigari chetu kimekwama kwenye kona gani?" Baadaye hawakuwa wanatania. Nilikuwa najiandaa kumwona akiondolewa, ndipo wakaja wapimaji.

Walikuja na darubini ya miguu mitatu, mnyororo wa kupimia na vigingi vyenye vichwa vilivyopakwa rangi nyekundu. Tuliwauliza wanapima nini, wakasema wametumwa kupima. Walianzia ghalani. Wakashuka navyo ubavu wa mlima kigingi baada ya kigingi, wakalala njiani, na baada ya kumaliza waliondoka kwa upande wa pili wa ghala bila kuaga. Baba aliwaonyesha watu vigingi hivyo, na hakuna aliyeuliza tena habari za kumchagua mwingine. Mama aliendelea kubeba, na alipopita kwenye vigingi alivizunguka, hakuvikanyaga.

Mjomba ndiye aliyevifuata vyote. Alirudi jioni, akakaa mlangoni kwetu, akaomba maji.

"Vinafika tambarare?" baba akamwuliza.

"Vinafika mtoni."

"Kisha?"

"Kisha vinapanda, shemeji. Upande wa pili."

Yule ofisa alihamishwa, na hatukuambiwa wapi. Nilipokua nilikwenda wilayani kuuliza, nikajibiwa kwa heshima na watu ambao hawakuwahi kusikia kazi hiyo. Mmoja alisema pengine walipima barabara. Mwingine akasema mfereji, nami nikamweleza kwamba mfereji haupandi. Nilifikiria pia kwamba mtu fulani aliamuru vigingi vipigwe ili tu baba awe na kitu cha kuonyesha; na nilifikiria kwamba mtu fulani aliuamini mtambo wetu kama tulivyouamini sisi. Barabara ilipokuja kutengenezwa, mama akiwa tayari ameacha kubeba, haikupita kwenye kigingi hata kimoja.

Nimevifuata mwenyewe. Vingi vimeoza, lakini vimebaki vya kutosha kuonyesha mstari. Unashuka, unavuka mto, unapanda, unazunguka kona ya bonde, na kigingi cha mwisho kiko ubavuni mwa ghala, hatua chache kutoka kile cha kwanza.