Kisanduku cha Darryl na Mguu wa Noelene

Noelene Pascoe aliendesha basi la shule kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo alimchukia kila mtu aliyemfundisha kuendesha gari akiwa ameketi kiti cha abiria. Aliwachukia wakaguzi, akawachukia walimu wakuu, akawachukia hasa watoto wa familia moja ya wafuga kondoo waliokuwa wakimpigia kelele, "Kanyaga, bibi!" Alipostaafu alidhani amemalizana na watu wa aina hiyo. Kumbe mmoja alikuwa nyumbani kwake, anakoroma upande wa dirishani.

Huyo ni Garth, mumewe, mstaafu wa baraza la mji, ambako kwa miaka ishirini alisimamia bwawa la kuogelea bila kujua kuogelea. Walinunua karavani ya kuvutwa na gari, kama wanavyofanya wastaafu wengi wa jimbo la Queensland wakishachoka kuchukiana ndani ya nyumba ya vyumba vinne, wakaamua kwenda kuchukiana ndani ya chumba kimoja chenye magurudumu.

Mambo yangeishia hapo kama si Darryl Stroud. Darryl alikuwa mwanachama wa klabu yao ya wenye karavani, na katika kila kambi aliuza visanduku kutoka nyuma ya pikapu yake, akiwa na uso wa mtu anayegawa chanjo. Kisanduku chenyewe ukubwa wake kama kiberiti. Pedali ya mafuta kwenye magari ya siku hizi haivuti waya wowote. Inapeleka habari tu kwa kompyuta ya injini, kwamba mguu umekanyaga kiasi hiki. Kisanduku cha Darryl kinachomekwa katikati, kinaipotosha ile habari njiani kama jirani mmbea. Ukikiweka kwenye ukali, umegusa, chenyewe kinasema umekanyaga. Ukikiweka kwenye uchumi, umekanyaga, chenyewe kinasema umegusa. Injini ni ile ile, mzigo ni ule ule. Lakini Darryl aliapa kwamba kinaokoa asilimia kumi na tano ya dizeli, na Garth alikinunua kabla Darryl hajameza mate.

Kilikuwa na kufuli pia, ya namba nne za siri. Tangu siku hiyo, kila zamu ya Noelene ilipofika, Garth alikiweka kwenye uchumi namba tisa, kiwango cha uvivu kuliko vyote, akabonyeza namba zake huku amekinga mkono kama mwanafunzi anayeficha majibu.

Wakiwa njiani kwenda kambi ya Tallagong, Noelene alitoka kulipita lori la matela matatu. Akakanyaga. Gari likatafakari. Akakanyaga mpaka sakafuni ndipo likazinduka, na lori jingine likawa limeshajitokeza mbele likimwashia taa zote. Akafunga breki, akarudi nyuma ya matela, kokoto zikapiga kioo.

"Toa hiyo kufuli, Garth."

"Ulikuwa na haraka ya nini?"

"Ya kuishi."

"Umekula nusu lita pale, kwa taarifa yako."

Saa kumi jioni watu wa klabu walikaa kwenye duara, kila mtu na kiti chake na bia yake. Noelene hakungoja hata kufungua chupa. Akasema mbele ya wote kwamba kisanduku kile hakiokoi hata kijiko, kwamba kinachookoa ni mguu, na kwamba mguu wa mumewe umetengenezwa kwa zege.

Darryl akacheka. "Shemeji, wewe umezoea basi. Hii ni teknolojia."

"Teknolojia ya kumdanganya mtu pedali yake mwenyewe. Ningeweka tofali chini yake ningepata kitu kile kile, na tofali haliuzwi dola mia tatu."

"Mwache, kaka," Darryl akamwambia Garth. "Wanawake na vitu vya kuchomeka!"

Garth alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Akasimama, bia mkononi, akatangaza kama yuko barazani: kesho yeye na Noelene wataendesha gari lile lile, karavani ile ile, kilomita mia mbili za mzunguko mmoja. Yeye asubuhi, na kisanduku. Noelene mchana, bila kisanduku. Atakayetumia dizeli kidogo anachukua usukani mpaka mji wa Broome, mwisho wa safari yao.

"Njia yote?" Noelene akauliza.

"Kilomita elfu tatu zote. Ukishindwa unakaa kushoto unashika ramani, na unyamaze."

Kwa mwanamke aliyekaa nyuma ya usukani tangu miaka yake ya ishirini, hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa akakae kabatini. Akasema, "Sawa."

Asubuhi wakajaza tangi kwenye kituo cha mafuta cha Tallagong. Darryl na Garth walishika gari huku na huku wakalitikisa, hewa iliyojificha kwenye tangi itoke na dizeli iingie mpaka shingoni. Noelene akaliweka moyoni.

Garth aliendesha kama mtu aliyebeba mayai, kwa kilomita kumi. Kisha ikaja milima. Gari lilipolegea akakanyaga, kisanduku kikasema amegusa, akakanyaga zaidi. Juu ya kilima gari likaruka mbele, akafunga breki kwenye kona.

"Hicho kilima kimekula kiasi gani?" Noelene aliuliza kwa upole wa sumu.

"Wewe ni shahidi. Shahidi haongei."

Waliporudi, Darryl alijaza tangi. Pampu ilipokata, akachomoa bomba haraka. "Lita thelathini na tatu!" akapiga kelele. "Kaka, hongera!"

"Mbona hamtikisi?" Noelene akauliza.

"Si lazima, shemeji."

"Asubuhi ilikuwa lazima. Hiyo hewa mnayoiacha humo mnataka nije niilipie mimi mchana."

Akapanda kwenye ngazi ya ubavuni, bibi wa miaka sitini na saba mwenye kiuno cha mtu aliyekaa kitini miongo mitatu, akashika chuma cha paa akaanza kuruka. Gari likayumba kama mashua. Tangi likacheua. Mwenye kituo, aliyekuwa amejifia kwa kicheko, akachukua bomba mwenyewe akamimina mpaka dizeli ikaonekana mdomoni. Thelathini na tano na nusu.

"Hizo mbili na nusu ni zako!" Garth akafoka.

"Zangu vipi? Nimeshatoka hata getini?"

Mchana Noelene akachomoa kisanduku, akakitupa mapajani mwa mumewe. Hakukimbia, hakutambaa. Aliona kilima kikiwa bado mbali akakijengea mwendo taratibu. Kabla ya kileleni alishaondoa mguu. Kona aliziona mapema, breki akaisahau. Garth akawasha kiyoyozi mpaka mwisho, ili injini inywe zaidi. Kilomita nne mbele akafungua na dirisha.

"Joto," akasema, meno yanagongana.

"Pole, mume wangu. Fungua na la nyuma."

Kituoni Darryl na Garth walilitikisa gari kama wanaliua. Noelene aliwaacha, akaagiza chai na pai ya nyama, akala amesimama. Walipochoka, jasho limewalowanisha, pampu ilisoma thelathini na moja na robo.

"Upepo," Garth akasema.

"Upepo uliuingiza wewe, kwa dirisha. Lete ufunguo."

Aliutoa. Watu wa klabu walikuwa wamejaa pale. Lakini Garth hakuwa mtu wa kulipa bila kudai chenji: msafara ulipoondoka kesho yake, kiti cha kushoto kilianza kazi. Gia hiyo vipi. Mbona unaikaribia ile karavani. Utatuua. Mwendo huo ni wa mazishi. Kwenye kilomita ya arobaini Noelene alisimamisha gari pembeni, akashuka, akamngoja Darryl aliyekuwa anafuata, akampungia mkono.

"Darryl, si ulisema Garth ndiye mteja wako bora?"

"Kabisa, shemeji."

"Basi mchukue. Anataka kukaa kwenye gari lenye kisanduku."

Garth akashuka akinuna, akabeba kofia yake, akaingia kwa Darryl. Baada ya kilomita kumi redio ya msafara, ya kuzungumza gari kwa gari, ilikwaruza; kipaza sauti cha Darryl kilikuwa kimebaki wazi, na watu wote wa klabu wakasikia Garth akimuuliza Darryl amejifunza wapi kuendesha gari, na Darryl akimwambia anyamaze au ashuke.

Noelene alisikiliza kidogo, kwa furaha chafu kabisa. Kisha akaizima redio, akaondoa mguu kabla ya kilele.