Kiu Iliyoitwa Wazimu

Kazini walimwita Bomba, na hakulipenda jina hilo hata kidogo. Alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, mwanamke wa makamo mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Dumu la maji halikukosekana kando ya meza yake. Anakunywa, ananyoosha mashuka mawili matatu, anakimbilia chooni, anarudi, anakunywa tena.

"Bomba, funga koki!" msimamizi hupiga kelele, na ukumbi mzima huangua kicheko.

Zamani aliwahi kuugua akili. Alikesha akiongea kama redio, kisha akazama kitandani asitake hata kuoga. Daktari wa kliniki ya akili alimwanzishia vidonge vya lithiamu, navyo vikamtuliza kwelikweli. Alirudi kazini, akamlea binti yake mpaka akamwoza. Hakuruka dozi. Kila alipokwenda kliniki, daktari aliandika bila kuinua macho: "Tunaendelea vilevile, mama." Figo zake hakuna aliyezipima.

Kiu ilipomzidi, walimpima sukari. Haikuwepo, na maneno yakaishia hapo. "Ni mazoea tu," daktari alimwambia. "Punguza maji."

Lakini aliyempandisha mori kuliko wote ni dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye. Dada alimsikia akiamka usiku mara kwa mara kwenda chooni, akakata shauri kwamba ugonjwa wa zamani umerudi.

"Mdogo wangu, hiyo si kiu. Hicho ni kichwa."

"Kichwa changu kizima! Koo ndilo linawaka!"

"Hata mwaka ule ulisema u mzima."

Angejibu nini? Akifoka, ugonjwa. Akilia, ugonjwa. Akinyamaza, wanamchungulia mlangoni.

Mwishowe dada na mumewe walimpeleka wodi ya wagonjwa wa akili. Amri ikatolewa anyimwe maji, apewe kikombe kimoja kwa kila mlo, ili aache tabia. Bomba aliomba kwa adabu. Kisha akagomba. Kisha akaupiga mlango mateke. Walipomkuta ameinamia ndoo ya kudekia, anakunywa maji machafu kwa viganja, muuguzi alimtazama mwenzake kama anayesema, si unaona?

Kesho yake alasiri dada alipokuja kumwona, Bomba hakumtambua. Midomo ilikuwa imepasuka, ulimi mkavu kama kipande cha ubao, maneno yanamtoka ovyo. Dada alipomgeuza alikuta shuka limelowa chapachapa.

"Mtu hanywi," alimwambia muuguzi, "mbona bado anakojoa hivi? Yanatoka wapi?"

Akauliza tena, safari hii kwa kelele zilizofika wodi ya pili, mpaka akaitwa daktari wa figo, mwanamke kijana aliyekuja mbiombio. Alipima damu, akakuta chumvi imepanda kiasi cha kutisha. Akaamuru dripu iingizwe taratibu na mgonjwa aachwe anywe maji.

Bomba alipopata nafuu, walimpima upya, mara hii chini ya uangalizi. Walimdunga homoni ya kuzuia mkojo. Mkojo ukaendelea kutoka mwingi, mweupe kama maji.

"Ubongo wako hauna kosa," daktari alimweleza. "Mwili ukipungukiwa maji, ubongo hutoa homoni hii iziamuru figo zifungue vijilango vya kurudisha maji kwenye damu. Amri unayo, figo ndizo haziisikii. Lithiamu imeingia kwenye seli zake miaka na miaka, ikaviharibu vile vijilango. Maji yanapita tu. Wengine huzaliwa na tatizo hili. Wengine hulipata kalsiamu ikizidi kwenye damu, au potasiamu ikipungua. Lako limetokana na dawa. Kiu ndiyo iliyokuwa ikikuweka hai."

"Na jambo hili linajulikana?"

"Linajulikana. Ulipaswa kupimwa mara kwa mara."

"Linajulikana na nani?" Bomba aliinuka kitandani. "Mbona mimi niliyemeza sikujulishwa?"

Walimwachisha lithiamu kwa uangalifu, wakampa dawa nyingine ya akili, wakampunguzia chumvi ya chakula, wakamwandikia vidonge vya kuongeza mkojo.

"Mnanitania?"

"Hapana. Vinatoa chumvi kidogo mwilini, basi figo zinalazimika kubakiza maji mengi mapema, kabla hayajafika kwenye vile vijilango."

Mkojo ulipungua, ingawa haukurudi kama zamani. Daktari hakumficha kwamba huenda usirudi kabisa.

Akaenda kliniki ya akili. Safari hii yule daktari aliinua macho.

"Dawa ilikuokoa, mama."

"Iliniokoa, sibishi. Ila ulikuwa unaandika tu, huniangalii! Nilikwambia nina kiu, ukaniona mwehu!"

Alitoka bila kuaga, akaubamiza mlango.

Nyumbani dada alimngoja na sauti ya kubembeleza. "Nisamehe, mdogo wangu. Pumzika kwanza, usijisumbue."

"Usiniombe msamaha kama unayemtuliza kichaa! Ulinipeleka mwenyewe, kwa mkono wako!"

"Ningejuaje?" dada alilipuka. "Nani aliyepiga kelele mpaka daktari akaja? Wewe una shukrani gani, mkaidi mkubwa, tangu utoto hivyohivyo!"

Wakagombana mpaka jirani akafungua dirisha. Bomba alikuwa bado anachemka, wala hakusamehe siku ile. Lakini hakukumbuka ni lini mara ya mwisho dada yake aligombana naye bila kumwogopa.