Presha ya Mama Laini

Ukitaka kumjua Mama Laini, usimwulize habari zake, maana atakuambia ni nzuri na mazungumzo yataishia hapo. Mwulize ni mwanasiasa gani aliyedanganya kwenye televisheni wiki hii. Hapo vuta kiti kabisa, kwa sababu huondoki leo.

Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi ya opereta wa simu, enzi zile ambapo hukuweza kumpigia mtu wa mji mwingine bila kupitia kwa binti mwenye visikizio kichwani na nyaya mikononi. Alichomeka waya huu hapa, ule kule, akasema "Ongea," kisha akatazama saa. Simu ya mbali ilipewa dakika tatu. Zikitimia, alitakiwa kuingilia kwa sauti tamu na kusema, "Dakika zenu tatu zimekwisha," halafu anachomoa waya, hata kama mwenye simu ndiyo kwanza alikuwa anafika kwenye neno lililomfanya apige. Kwa sheria za kazi hakuruhusiwa kusikiliza. Kwa ukweli wa Mungu, alisikiliza zote. Jina lake la utani lilitokana na laini hizo za simu, wala halikutokana na tabia. Ukibisha, mwulize fundi viatu wa nyumba ya pili.

Kazi ile ilimwachia mambo mawili. La kwanza ni masikio yasiyosamehe. Anasema mwongo huvuta pumzi kidogo kabla ya lile neno la uongo, kama mtu anayetaka kuruka mtaro, na kwamba katika miaka yote hiyo hajawahi kukosea. La pili ni njaa ya kujua mwisho wa mambo. Alisikia ndoa zikianza kuvunjika, ndugu wakigombea mashamba, vijana wakiomba radhi kwa baba zao, na kila mara aliyekata maongezi ni yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Kwa hiyo siku aliyostaafu alinunua televisheni pana kuliko dirisha la sebule, akakaa mbele yake kama mtu aliyekuja kudai haki.

Siasa anaitazama kwa ajili ya zile pumzi. Tamthilia anazipenda zile za nchi za mbali zilizotiwa sauti za Kiswahili, ambamo midomo imeshafunga na maneno bado yanakuja. Wenzake hukereka, yeye husema hivyo ndivyo simu za mbali zilivyokuwa. Na tenisi, ambayo mtaa mzima haujui anaielewaje, kwake ni maongezi ya watu wawili: huyu anatuma, yule anajibu, na hakuna mtu wa kuwachomolea waya mpaka mmoja ashindwe kujibu.

Tatizo ni kwamba Mama Laini hajui kutazama kimya. Anasimama, anakaa, anapiga meza, anamwonya waziri, anamwelekeza mchezaji, anamtolea siri mkwe wa kwenye tamthilia ambaye hamsikii. Mwezi uliopita, katikati ya nusu fainali ya tenisi, alisimama ghafla kuukataa uamuzi wa mwamuzi, kizunguzungu kikamshika, akaegemea meza na kikombe kikaanguka. Fundi viatu, ambaye alikuwa pale kwa sababu huwa yuko pale, alimpigia simu binti wa Mama Laini.

Binti huyo ndiye mtoto wake pekee, naye ni muuguzi katika hospitali kubwa. Alifika na sare yake ya kazi na uamuzi wake mkononi. Ni presha, alisema, na presha yenyewe inaletwa na hiyo televisheni. Mama atahamia kwake, vyumba viwili ghorofa ya nne, ambako hakuna televisheni wala fundi viatu.

"Mimi sina shida yoyote, Mama," alisema. "Nafanya hivi kwa ajili yako."

Mama Laini alisikia pumzi. Ilikuwa fupi mno, na ilikuja kabla ya yale maneno "kwa ajili yako." Akajiambia kwamba masikio yanazeeka, kwa sababu mwanawe hajawahi kumdanganya tangu alipokuwa na miaka saba. Lakini kuhama hakutaka. Nyumba ile ndogo ndiyo aliyomzalia humo huyo huyo binti, na ndiyo mahali pekee duniani ambapo hakuna anayemwambia nyamaza. Akatoa changamoto. Binti aje Jumapili na mashine yake, ampime wakati wa siasa, wakati wa tenisi na wakati wa tamthilia, vyote vitatu siku moja. Namba ya juu ikifika mia moja na hamsini hata mara moja, atafunga virago bila ubishi. Isipofika, hadithi ya kuhama isisikike tena.

Jumapili hiyo binti alikuja na mashine, daftari na begi kubwa tupu la kutilia nguo za mama yake. Lile begi lilimkera Mama Laini kuliko yote. Aliliangalia likiwa limesimama karibu na mlango mfano wa mgeni asiyealikwa, akapiga moyo konde, akafungua televisheni.

Saa sita mchana kilikuwepo kipindi cha siasa. Waziri mmoja mwenye tai nyekundu aliulizwa kama ana mpango wa kugombea urais. Alijibu kwamba jambo hilo hajalifikiria hata siku moja. Fundi viatu, aliyekuwa ameshajichagulia kiti, akasema huyo ni mtu mnyenyekevu. Mama Laini akataka kusimama, akakumbuka mkanda wa mashine ulioko mkononi, akabaki ameketi na kumjibu kwa upole wa kutisha kwamba huyo mnyenyekevu amevuta pumzi ya kujaza puto. Mashine ikanguruma, ikabana, ikaachia. Mia moja na thelathini na nane. Binti akaandika. Fundi viatu akampongeza Mama Laini kana kwamba yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa rais.

Kisha ikaja tenisi, fainali ya wanawake. Upande mmoja alikuwa dada mrefu ambaye mkwaju wake wa kuanzishia mpira ulikuwa hauonekani, unasikika tu. Upande wa pili alikuwa kibinti kifupi chenye kofia, hakina nguvu wala sifa, ila hakikubali mpira ufe. Mama Laini alikuwa upande wa huyo, aliyempa jina la Kofia, tangu raundi ya kwanza. Seti ya kwanza Mrefu akachukua kwa fujo. Ya pili Kofia akairudisha, pointi moja moja, kama mtu anayeokota punje za mchele sakafuni. Mashine ikasema mia moja na arobaini na moja.

Seti ya tatu, roho za watu zilikuwa juu. Mpira mmoja ulivuka wavu mara thelathini na mbili; Mama Laini alizihesabu kwa sauti. Mikono yake ilikuwa imeshika pande zote mbili za kiti ili kiti kisimwachie asimame. Binti akabonyeza kitufe. Namba zikapanda, zikasita, zikapanda tena, na hata fundi viatu akaacha kutazama tenisi akatazama mashine. Mia moja na arobaini na tisa.

Mama Laini akalitazama begi. Moja tu. Namba moja tu ingemtoa nyumbani kwake.

Ndipo Mrefu alipopiga mpira wa pembeni, ukatua karibu na mstari, mwamuzi akasema ulikuwa ndani. Sauti kali ikapasuka sebuleni.

"Ulikuwa nje. Nimeuona mimi, ulikuwa nje."

Haikuwa ya Mama Laini. Alikuwa ni muuguzi, amesimama katikati ya chumba, daftari chini, kidole kimeelekezwa kwenye kioo. Yeye ambaye tangu utotoni alisema tenisi ni kazi ya watu wasio na kazi. Picha ikarudiwa polepole na ikaonekana mpira ulikuwa nje kweli, upana wa kucha. Wote watatu wakashangilia kwa pamoja. Pointi mbili baadaye Kofia akashinda, akalala chali uwanjani amejifunika uso, na fundi viatu akatoka mbio kwenda kuwatangazia majirani ambao hawakuwa wameuliza.

Hapo ndipo Mama Laini aliposikia kitu kingine. Furaha yake ilikuwa bado kifuani, inamrukaruka, lakini masikio yalikuwa yameshahama kwenye televisheni. Mwanawe alikuwa amekaa nyuma yake na pumzi zake zilikuwa fupi, zimekatika katikati. Zikapita dakika tano, kumi, tangu mechi iishe, tangazo la sabuni likapita, la rangi za nyumba likapita, na bado hazikutulia. Hizo pumzi alizifahamu. Alizisikia mara nyingi kwa watu waliopiga simu nyumbani kuwaambia wazazi wao kwamba wao ni wazima kabisa.

Wimbo wa tamthilia ukaanza. Ilikuwa sehemu ya mia mbili na kumi na mbili, na siku hiyo, kwa mujibu wa matangazo ya wiki nzima, mama mkwe aliyejifanya kipofu tangu sehemu ya mia na thelathini angeumbuka mbele ya familia. Mama Laini alikuwa ameingoja siku hiyo kwa miezi minne. Binti akausogeza mkanda ampime mara ya mwisho. Mama Laini akauchukua mkanda huo mkononi mwake.

"Unapima watu wangapi kwa siku?"

"Arobaini. Wakati mwingine hamsini."

"Na wewe nani anakupima?"

Binti akacheka, akasema mambo ya kawaida, kwamba yeye bado kijana, kwamba hana muda, kwamba mashine ni ya wagonjwa. Lakini mama yake alikuwa ameshamfunga mkanda, na kitufe alikuwa amekitazama kikibonyezwa siku nzima. Mashine ikanguruma. Ikabana kwa muda mrefu kuliko ilivyombana yeye. Mia moja na themanini na mbili, na ya chini mia moja na nane.

"Ni mechi hiyo," alisema binti. "Nilipiga kelele."

"Haya. Tungoje moyo utulie."

Mama mkwe wa kwenye kioo alikuwa ameinuka kitini, mkono mmoja ukipapasa hewa, familia nzima ikimtazama. Mama Laini akashika rimoti na kuzima televisheni. Kioo kikawa cheusi. Kwa mara ya kwanza tangu astaafu alikata maongezi kabla ya mwisho, na hakujali hata kidogo. Wakakaa kimya dakika kumi kwa saa ya ukutani, akampima tena. Mia moja na sabini na tisa.

"Ni uchovu tu, Mama."

"Umevuta pumzi kabla ya kusema uchovu. Na siku ile ulivuta nyingine, uliposema unanihamisha kwa ajili yangu. Nimeunganisha waongo miaka thelathini na mmoja, mwanangu. Usinifanye mtoto."

Binti alitazama mikono yake. Midomo ilifunguka, ikafungwa, na maneno yakachelewa kama yale ya tamthilia. Kisha yakaja. Wiki sita alikuwa akifanya zamu mbili mbili kwa sababu wenzake wawili waliacha kazi. Asubuhi kichwa kinamgonga. Mara mbili ameona vimulimuli machoni akiwa kwenye ngazi. Juzi alisahau jina la mgonjwa aliyekuwa amemshika mkono. Akajua ni nini, kwa sababu ndiyo kazi yake kujua, na ndiyo maana hakuthubutu kujipima.

"Nilitaka uje kwangu kwa sababu naogopa kulala peke yangu," alisema. "Naogopa nisiamke na pasiwe na mtu."

Mganga hajigangi, wahenga walisema, lakini Mama Laini hakumpiga mwanawe kwa methali. Uchungu ulimshika, na papo hapo furaha ya ajabu ikaufuata nyuma, kwa sababu alikuwa amemsikia kabla hawajachelewa. Akampa amri mbili. Wanakwenda kwa daktari sasa hivi, wala si kesho. Na lile begi litakwenda ghorofa ya nne tupu kama lilivyokuja, lirudi hapa limejaa nguo za binti mwenyewe.

Mlango ukasukumwa. Fundi viatu akaingia anahema, amekimbia kutoka kwake ambako aliitazama tamthilia mpaka mwisho, na habari ilikuwa inamwasha ulimi. Mama mkwe amefumbua macho, alianza, na mtu wa kwanza aliyemtazama ni nani, hamtaamini. Mama Laini akainua kiganja bila kugeuka. Miaka yote waliyokaa jirani fundi hakuwahi kunyamazishwa na Mama Laini alipotaka kusimulia mwisho wa jambo, na mshangao ulimfanya atii. Mama Laini akamwomba akawatafutie usafiri, naye akatoka.

Binti alifuta uso, akaitazama saa ya ukutani, akaanza kusimama. Akasema samahani, amemmalizia Jumapili yake, mengine atamweleza siku nyingine, si muhimu sana.

Mama Laini akamkalisha tena, akampangusa shavu kwa ncha ya kitenge chake.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Leo hakuna dakika tatu."