Jumamosi Shefu Atanipa Mgongo Nimfunge Mkanda

Admin, jina langu lifiche, na la kaka yangu pia. Wale wa shantie yetu, pale tunapojenga, watanitambua tu, lakini sijali tena. Mimi ni mwanaume wa miaka ishirini na tisa, nina mke na mtoto mmoja, ni fundi wa plasta hapa Goma. Naandika nikiwa na hasira iliyoninyima hata hamu ya kula, na zimebaki siku tatu tu.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenifundisha kazi. Tulitoka Butembo pamoja, na tangu mwaka jana tulikuwa tunajenga nyumba moja ya etaje nne, yaani ghorofa nne. Shefu wa shantie, yule anayetuamuru sote pale, alikuwa na mikanda sita ya usalama, ile inayovaliwa mapajani na mabegani, yenye kamba na ndoano ya kukushikilia ukiwa juu. Mipya, inang'aa. Ilikaa depo, stoo ya vifaa, ufunguo mfukoni mwake. Ilitoka siku za wageni tu, wale wanaofadhili ujenzi. Tulivalishwa, tukapandishwa, tukaambiwa tujiachilie kidogo kuelekea nje ili picha ionyeshe jinsi tunavyolindwa. Wageni wakishaondoka, mikanda inapanguswa vumbi kwa kitambaa na kurudi depo. Tulikuwa tunaiita mikanda ya picha, tunacheka. Ujinga mtupu.

Pete ya kufungia iko mgongoni, katikati ya mabega, kwa hiyo mwenyewe huioni. Sisi tulikuwa na desturi yetu: unampa mwenzako mgongo, anafunga ndoano, anakupiga begani mara mbili na kusema, "Nimefunga." Hapo ndipo unajiachilia. Mimi na kaka tulifungana hivyo kila walipokuja wageni.

Asubuhi aliyoanguka, mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Kaka alimfuata shefu mbele yetu sote.

"Papa shefu, utupatie basi ile mikanda. Leo mbao inateleza mubaya."

"Ile iko ya bageni. Munataka muichafue na simenti? Kama unaogopa, shuka. Kuko batu mingi inje banatafuta kazi."

Kaka hakushuka. Ilipofika saa nne alikuwa chini, juu ya mawe ya lava, anatuuliza miguu yake iko wapi. Yuko hai. Lakini kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu, na mtu aliyekuwa anapandisha mfuko wa simenti ngazi zote bila kupumzika, leo anageuzwa kitandani na mke wake.

Na shefu? Hakuleta hata maji. Nilimwona kwa macho yangu akikimbilia depo, akatoka na mkanda mmoja, akapanda kuuweka kwenye zile mbao alipokuwa amesimama kaka. Kesho yake akaja na karatasi: fundi alipewa mkanda, akakataa kuuvaa. Akabandika na picha ya kaka siku ya wageni, amevaa, anatabasamu, iwe ushahidi. Alituita mmoja mmoja tusaini. Mimi, ndugu wa damu wa kaka, nilisaini. Nilijiambia nikifukuzwa nani atalisha nyumba mbili. Msinitukane, nimejitukana vya kutosha. Mwenye jengo alipoisoma akasema mtu aliyekataa mkanda amejitakia, na hospitali hakukanyaga tena.

Shemeji alimsomea kaka karatasi ile, pamoja na majina yote chini. Nilipoingia kumsalimia, akaniuliza:

"Na wewe ulisinye ile karatasi?"

Nikavuta shuka, nikamfunika miguu.

"Basi, sawa," akasema, akageuzia uso ukutani. Tangu siku hiyo ananijibu salamu tu.

Sasa sikilizeni. Jumamosi wageni wanarudi kuona nyumba iliyokwisha. Safari hii shefu anataka kupigwa picha yeye mwenyewe, kule etaje ya nne, amejiachilia nje kama alivyokuwa akituamuru sisi. Jana aliniita pembeni.

"Wewe uko mutu wa kuelewa, hauna matata. Ni wewe utanifunga."

Akanipa ufunguo wa depo. Ufunguo ule ule! Ninao mfukoni ninapoandika, na kila nikiupapasa damu inanichemka.

Huyu mtu hajavaa mkanda hata siku moja. Hajui ndoano ikifungwa kamba inavutaje. Yeye atasubiri kupigwa begani mara mbili, basi. Nimeshaiona yote: ananipa mgongo, anavuta tumbo ndani kwa ajili ya picha, mimi nampiga begani. Na sitawaficha, nikiiona hivyo ninapata raha. Jumapili nilikuwa misani, padri anahubiri msamaha, mimi nahesabu etaje.

Kuna wakati nafikiri afadhali niishike ndoano mkononi, yeye akiwa pale ukingoni, nimuulize wageni wakisikia: "Papa shefu, siku ile yaya yangu alianguka, ulimupatia mukanda?" Nataka nimwone akitetemeka. Lakini atakana, najua, na wageni wataamini karatasi, nayo karatasi ina saini yangu.

Mke wangu hajui. Kaka hajui. Ninyi ndio wa kwanza kuambiwa, na nawaomba msinijibu kwa maneno ya kunituliza, kwa sababu si ninyi mnaomwona kaka yangu akigeuzwa kitandani. Uongo wa kwanza niliutia saini kwa ajili ya shefu. Jumamosi atanipa mgongo, atasubiri nimpige begani na kusema, "Nimefunga." Je, huo uwe uongo wangu wa pili, kwa ajili ya kaka, au nimfunge kweli mtu huyu? Niambieni mapema, ufunguo ninao mimi.