Mbele kwa Mogesi, Nyuma kwa Waitara

"Mbuzi wangu kwanza," Mogesi alisema, akaitupa spana kwenye debe la mafuta machafu. "Akija mbuzi, shokapu zitakwenda. Bila mbuzi, asinitajie pikipiki."

Nilimwambia huyo mbuzi anadaiwa mwaka wa kumi na moja sasa, hata akiletwa leo atakuja anatembelea fimbo. Hakucheka. Aliyecheka ni Ochieng, mleta spea kutoka Sirari, maana ndiye aliyeubeba ule ujumbe kutoka Nyanungu na aliona kama amelipiwa nauli ya kuja kututazama. Nikamwambia anywe chai yake, mambo ya nyumba ya Nikodemo hayamhusu.

Hiyo ilikuwa Alhamisi, hapa Nyansurura, kwenye banda la Mogesi. Mogesi ni mdogo wangu wa mwisho, fundi pikipiki. Mimi niliolewa huku, mume akafa, nikabaki na jiko langu la chai ubavuni mwa banda lake. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi. Kaka yetu Waitara, aliyebaki nyumbani na Mama, alisema hivi: kama Mogesi haleti mbele ya pikipiki ya Baba, yeye Jumamosi anauza nyuma kwa watu wa chuma chakavu.

Msomaji atashangaa, pikipiki gani ina mbele kwa mtu mmoja na nyuma kwa mwingine. Ngoja nieleze.

Baba yetu, Mzee Nikodemo, alikuwa mtu wa chanjo za ng'ombe. Alipostaafu akauziwa pikipiki aliyokuwa akiendea kazini, moja ya zile ndefu za Kijapani, gurudumu la mbele kubwa kuliko la nyuma. Kwenye shokapu ya mbele, ule mguu unaobonyea juu ya gurudumu, alikuwa amechomelea kishikio cha chuma cha kuwekea boksi la chanjo. Boksi lilirudishwa serikalini, kishikio kikabaki, na kila pikipiki ikipita kwenye mawe kilipiga kelele: kong, kong, kong. Injini yake nayo ilikuwa na mlio mzito, wa taratibu. Tukisikia vile viwili pamoja, huko chini kabisa mtoni, Mama alikuwa anabandika maji ya kuoga. Hakuwa anatazama saa. Mpaka Baba afike mlangoni, maji yana moto.

Baba alipokufa, Waitara akasema pikipiki ni yake kwa sababu ni mkubwa. Mogesi akasema ni yake kwa sababu ndiye aliyekuwa akiitengeneza. Walikaribia kupigana na matanga hayajaisha. Wazee wakaitwa. Wazee wetu wamezoea kugawa ng'ombe: akichinjwa, huyu paja, yule mkono wa mbele, na ugomvi umekwisha. Basi wakagawa pikipiki vilevile. Nyuma kwa Waitara, yaani fremu, injini, tangi na gurudumu la nyuma. Mbele kwa Mogesi, yaani usukani, shokapu na gurudumu kubwa. Na kwa kuwa paja ni zito kuliko mkono, Waitara aongeze beberu mmoja kwa mdogo wake. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza pikipiki iliyokatwa vipande viwili inakwenda wapi. Mimi, mtoto wa kwanza, niliulizwa kama ugali umeiva.

Beberu hakutolewa. Waitara alisema mwaka huo mbuzi wanaumwa. Mwaka uliofuata alisema mengine. Mogesi akafungasha vyombo, akanifuata huku, akaapa hatakanyaga Nyanungu kabla mbuzi wake hajavuka Mto Mara.

Sasa mnione nilivyoishi na huyu mtu. Aliichukua ile mbele ya Baba akaifunga kwenye pikipiki yake ya Kichina. Haikuingia. Nguzo ya usukani, ile inayopita ndani ya shingo ya fremu, ilikuwa nene na ndefu mno. Akaing'oa kwa nyundo, akachomelea ya Kichina mahali pake. Waya wa spidi haukufika, akauacha unaning'inia. Mwishowe ilikaa, lakini gurudumu la mbele ni refu, basi pikipiki ikasimama pua juu kama kuku anayemeza maji. Abiria alikuwa anateleza nyuma mpaka akalie taa ya nyuma. Wateja walimcheka: fundi mzima, pikipiki yake yenyewe haijulikani ni kabila gani. Watu walimletea mbele nzuri, inayolingana, kwa bei ya kirafiki. Akakataa.

Nilidhani ni ukaidi. Mpaka siku moja nilimwona anapita na ile pikipiki juu ya mawe ya mbele ya banda, anageuka, anapita tena, kichwa amekiinamisha upande. Kong, kong, kong. Alikuwa anasikiliza. Chini yake injini ya Kichina inalia wiii kama cherehani. Akazima, akakaa juu yake muda mrefu, mikono kwenye usukani. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa nimesimama na birika mkononi hadi chai ikapoa.

Ndiyo maana Alhamisi ile, Ochieng alipokwisha kuondoka, sikumbembeleza. Nilimwambia hivi: kishikio cha chuma unacho, lakini mlio wa Baba ni vitu viwili. Kimoja Jumamosi kinapakiwa kwenye lori la chuma chakavu, kinakwenda kuyeyushwa kiwe nondo. Baada ya hapo utagonga hayo mawe mpaka uzeeke, hutasikia kitu.

Alifuta spana ambayo ilikwisha kuwa safi.

"Na mbuzi?" akasema.

"Mbuzi kamdai huko huko. Huyu wa kuagizwa kwa Ochieng haji."

Ijumaa alfajiri tukaondoka. Mimi nyuma, nimejifunga kwake kwa kitenge ili nisidondoke, maana ile pikipiki ilikuwa inanimwaga kila kilima. Tulivuka Mto Mara. Upande wa pili alisimamisha akasema anataka kukaza nati. Hakukuwa na nati iliyolegea. Alitazama milima ya kwetu kidogo, akajipangusa uso, tukaendelea.

Nyanungu tulimkuta Waitara anakamua. Hakushtuka, au alijifanya hakushtuka. Mogesi ni mdogo, kwa hiyo ilimpasa aanze, na alianza, lakini kwa sauti ya mtu anayetema mbegu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja na kitu cha Baba?"

"Nimekuja. Na wewe una kitu changu?"

"Tengeneza kwanza."

Nikaona tunarudi kwenye maneno yale yale aliyoyabeba Ochieng, nikawaambia mimi magoti yananiuma, nitaingia kumsalimu Mama, wao wakitaka kuuana wafanye pole pole. Mama yetu, Mokami, macho yamekwisha kufifia. Anaona mwanga na watu kama vivuli. Alinishika mikono, kisha akanong'ona, Mogesi amekuja? Nikasema amekuja. Alianza kutafuta maziwa.

Nje, ile nyuma ya pikipiki ya Baba ilikuwa imeegeshwa ukutani kwenye kibanda cha ndama. Waitara naye alikuwa ameitafutia mbele, ya pikipiki ya Kihindi, fupi. Ya Mogesi ilitazama mbinguni, ya Waitara iliinama kama ng'ombe anayekunywa mtoni. Alisema mwenyewe kwamba ukishuka kilima nayo inataka kukutanguliza kichwa. Alikwisha kuanguka na gunia, akaanguka na mke wake, na siku alipokaribia kuanguka na Mama akitoka kanisani ndipo alipoiegesha, mwaka wa nne sasa. Kila baada ya wiki chache huiwasha ili isife. Hilo nililiona: mtu aliyetaka kuuza chuma chakavu alikuwa anakiwasha kisife.

Mogesi aliinua pikipiki yake juu ya kinu, akatoa gurudumu, akachomoa shokapu, na Waitara akaing'oa ile mbele ya Kihindi kwenye yake. Kisha Mogesi akafungua mfuko wake, akatoa koti la mvua la Baba, lile la kijani. Ndani yake kulikuwa na chuma kimefungwa kwa tambara la grisi. Nguzo ya usukani. Ile aliyoing'oa miaka kumi na moja nyuma. Haikuwa na chembe ya kutu.

Waitara aliipokea akaigeuzageuza. "Ulikuwa unaipaka mafuta?"

"Ilikuwa hapo tu," Mogesi akasema. Mimi nimeishi ubavuni mwake na sikuwahi kuiona.

Kung'oa nguzo ya Kichina na kurudisha ya Baba kulikula asubuhi yote, mmoja ameshika, mwingine anagonga kwa kipande cha mti. Walikuwa wanasemeshana kama mafundi wasiojuana: shika, legeza, tena, hapo. Nikaanza kutumaini. Ndipo Mogesi alipoingiza kidole kwenye shingo ya fremu, akasimama wima.

"Vikombe vya gololi viko wapi?"

Ni hivi. Usukani unazunguka juu ya gololi ndogo za chuma, na gololi hizo hukaa ndani ya vipete viwili, kimoja juu ya shingo, kingine chini. Mafundi huviita vikombe. Waitara alipofunga mbele ya Kihindi alivigonga vikatoka, akaweka vya Kihindi. Nguzo ya Baba haikai kwenye vya Kihindi. Bila vile vya zamani, kazi yote ile ni bure.

"Nilivitoa," Waitara akasema.

"Ukaviweka wapi?"

"Nitajuaje? Nilivitupa hapo nje. Miaka kumi na moja."

"Ukatupa kitu cha Baba."

"Ningejua utarudi? Ulikwenda ukiniapiza mbele ya mke wangu. Hukuja Mama alipolazwa. Hukuja nilipozika mtoto. Leo unanidai vikombe?"

Habari ya mtoto ilimfikia Mogesi wakati ule ule, najua, kwa sababu mimi ndiye niliyempa. Alikaa bandani siku ile bila kupokea kazi, lakini hakuvuka mto. Sasa aliinama akaanza kuokota spana zake moja moja, anazirudisha mfukoni. Nilijua akimaliza ameondoka, na safari hii hatarudi hata kwa mazishi yangu. Kesho lori linakuja.

Mama alitoka wakati huo huo, ukuta unamwongoza, kibuyu cha maziwa mkono mmoja, mkono mwingine ameshika kitu. Aliinama, akakiweka hicho kitu chini, akakalisha kibuyu juu yake kisianguke, maana vibuyu vyetu vina matako ya mviringo. Akasema Mogesi anywe kwanza, kelele baadaye.

Mogesi alipokea maziwa bila kumtazama kaka yake. Akanywa. Aliporudisha kibuyu mkono wake ukasimama hewani.

"Mama, kibuyu umekikalisha juu ya nini?"

"Juu ya kichuma changu."

"Umekitoa wapi?"

"Niliviokota hapo kibandani, vilikuwa vinatupwa. Viwili. Kingine kiko ndani, cha kibuyu kidogo. Mnavitaka vya nini? Hivyo ni vyangu."

Mogesi alichuchumaa, akakifuta kile kipete kwa shati lake. Kwa ndani kilikuwa na mfereji laini wa gololi, umeng'arishwa na kibuyu. Alimpa Waitara. Waitara akakitazama, akaketi chini kwenye samadi kavu, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kitu kingine, akaufunika uso kwa kiwiko.

Mama hakuvitoa bure. Ilibidi Waitara akae asuke ngata mbili za nyasi za kukalishia vibuyu, na Mama akazipima kwa vidole, ya kwanza akaikataa kwamba imelegea. Mtu mzima mwenye mke na zizi anarudishiwa ngata aisuke upya. Sikuyaacha hayo yapite bila kusema neno.

Alasiri pikipiki ilikuwa imesimama. Mbele ya Baba, nyuma ya Baba. Ikakaa sawa, haikutazama juu wala chini. Mogesi aliushika usukani akauzungusha kushoto na kulia, ukaenda kama maji. Kisha akamwachia kaka yake.

"Wewe mkubwa. Washa."

"Wewe fundi. Nenda nayo."

Alikwenda nayo hadi mtoni. Kwa muda hatukusikia kitu. Kisha ikaanza kupanda. Kwanza injini, nzito, taratibu. Halafu akafika kwenye mawe. Kong, kong, kong.

Mama alikuwa ameketi mlangoni. Aliinua kichwa.

"Gati," akaniambia, kwa ile sauti yake ya zamani, ya kutuma, "bandika maji."

Nilikwenda nikabandika. Ningefanya nini? Nilipuliza moto mpaka macho yakatoka machozi, na moshi ulikuwepo, asiniulize mtu.

Mogesi alipofika hakuzima haraka. Aliiacha ingurume, yeye juu yake, macho ameyafumba. Alipozima, alishuka polepole, akaiegesha ukutani kwa Mama, akampa Waitara funguo. Alisema hapo ndipo pake, iwe ya kumpelekea Mama kanisani. Yeye akachukua ile mbele ya Kihindi akaanza kuifunga kwenye Kichina chake. Mhimili wa gurudumu ulikuwa mwembamba, akaujazia kwa kipande cha bomba. Aliifunga bila kuitazama sana.

Jumamosi asubuhi lori la chuma chakavu lilipita, Waitara akalipungia mkono liendelee. Kisha akaingia zizini akatoka anavuta beberu mweusi, kichwa kipana, akamkabidhi Mogesi kamba mbele yangu na mbele ya Mama ili tuwe mashahidi.

Mogesi alimpapasa mgongo kama mtu wa mnadani, akamfunua meno. Akasema amekonda. Waitara akasema ulimtaka mbuzi, hukusema mnene.

"Nimempokea," Mogesi akasema. "Deni limekwisha." Alitazama pikipiki yake na ile pua mpya, akatazama njia ya mtoni. "Lakini huyu siwezi kumpakia na dada. Mwache hapa uniangalizie. Nitakuwa nakuja kumwona."

Waitara akaipokea tena ile kamba. "Uje mapema basi. Anakula sana."