Sauti Yake Nilikuwa Mimi

Jamani, mapenzi hayana adabu. Mimi na shoga yangu tulikuwa manesi, tunaishi nyumba moja Grand Prairie, huko Texas, Marekani, nguo tunavaliana. Kikundi chetu cha Watanzania kikaandaa mchezo wa jukwaani kuhusu Hollywood ya zamani, enzi za filamu bubu: waigizaji wawili wa kike, marafiki wa kufa na kuzikana, wanampenda mwongozaji mmoja. Shoga yangu alipewa nafasi kubwa. Nafasi ya mwongozaji akapewa kijana mmoja wa Irving, mji wa jirani. Wao waliigiza kwa mikono na macho tu. Mimi nilisimama pembeni na maikrofoni, nikisema maneno ya shoga yangu.

Yule kijana nilimpenda, sikufichi. Kila siku ya mazoezi alitupitia na gari lake, na mimi na yeye tulicheka njia nzima. Shoga yangu nilimweleza yote. Akaanza kumwita shemeji, tena mbele za watu, mpaka kijana anaona haya. Baadaye akaacha, akawa anamwita kwa jina lake. Nililisikia hilo, nikajiambia ni uchovu wa shifti.

Tukaalikwa Houston kuonyesha mchezo. Mwishoni mwongozaji anapiga goti kuchumbia, na mwanamke anayeigizwa na shoga yangu anakataa kwa ajili ya rafiki yake. Kijana akapiga goti. Badala ya pete ya bati tuliyoitumia mazoezini, akatoa kisanduku chenye pete ya kweli. Shoga yangu akaanza kulia, na machozi yake mimi nayajua, hayakuwa ya kuigiza. Akanigeukia, akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayeniomba.

Maneno ya kukataa nilikuwa nayo mdomoni. Ningeyasema, watu wangepiga makofi, mchezo ungekwisha. Roho iliniuma, wallahi.

"Ndiyo," nikasema. "Nimekubali."

Vigelegele vikapasua ukumbi. Nyuma ya pazia alinikumbatia, akasema alikosa pa kuanzia kuniambia. Nikamjibu gauni limempendeza, nikaenda kujifungia chooni, nikalia.

Kabla ya harusi yao alihamia mji wa DeSoto, na hatuongei. Yule mwanaume nilishamsahau. Shoga yangu ndiye ninayemlilia. Nikitoka kazini na kichekesho cha mgonjwa, bado nashika simu nimpigie, halafu nairudisha mkobani.